Tangi Jipya la Samaki: Subira ya Majuma Sita

Mjini Bujumbura samaki si kitu kigeni. Ndagala na mukeke huuzwa sokoni na kuliwa kwa ugali. Lakini Ziwa Tanganyika lina samaki wengine wadogo, wenye rangi za kupendeza, ambao hawapikwi bali hutazamwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanzisha mjini hapa kazi ya kuwapeleka nje wakiwa hai, samaki hao wamekuwa pambo la nyumba za Ulaya, Marekani na Japani. Mmoja wao huitwa na wafugaji wa ng'ambo Binti Mfalme wa Burundi. Wataalamu humwita Neolamprologus brichardi, na neno hilo la pili lilitolewa mwaka 1974 na Max Poll kwa heshima ya Brichard. Ana tabia ambayo wazazi wangependa watoto waione: wakubwa hubaki nyumbani wakawalinda wadogo zao.

Basi si ajabu baba atokaye zamuni kuwaletea wanawe tangi la vioo. Msiba nao huanza kwa namna ileile. Tangi huoshwa likang'aa, hujazwa maji ya bomba, na samaki kumi hutiwa siku hiyohiyo. Siku mbili wanacheza. Siku ya tano wanasimama chini ya uso wa maji wakihema, na kabla ya juma la pili kwisha wengi wameelea tumbo juu. Hulaumiwa muuzaji, au mtoto aliyewalisha. Kumbe samaki wameuawa na choo chao wenyewe.

Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya mashavu yake, na mabaki ya chakula yaozapo huiongeza. Ziwani sumu hiyo haionekani, kwani maji yenye kina cha mita 1,470 huimeza. Ndani ya lita 100 haina pa kwenda ila ipate wa kuila. Walaji hao ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa juu ya kokoto, mawe na sponji ya kichujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, kwani huifanya damu ya samaki iwe ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyevitenga vijidudu vya namna hii mwaka 1890. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji vilisema kazi ya pili ni ya Nitrobacter. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika matangi ya samaki mwenye kazi hiyo ni Nitrospira. Kwa hiyo si kila chupa ya vijidudu iuzwayo dukani ina kiumbe kinachohitajiwa.

Hapa ndipo maji ya Ziwa Tanganyika yanapoleta hatari na faida kwa pamoja. Yana magadi, kipimo chake cha pH hukaribia 9. Katika maji ya kawaida yenye pH 7, haifiki sehemu moja katika mia ya amonia iliyo katika hali ya kuua. Katika pH 9, joto likiwa nyuzi 25, sehemu hiyo hupita thuluthi. Kiasi ambacho samaki wa mtoni angekivumilia humwangamiza Binti Mfalme. Faida ni kwamba vijidudu hupenda joto na magadi ya wastani, wala havistawi katika maji yenye asidi.

Tatizo lao ni uzazi wa polepole. Bakteria wa kuozesha huongezeka maradufu chini ya saa moja. Hawa huchukua nusu siku, hata siku nzima au zaidi. (Ukungu mweupe uonekanao siku za mwanzo ni wa hao wa kuozesha, nao hutoweka wenyewe. Kumwaga maji yote kwa hofu ni kuanza upya.) Ndiyo sababu tangi lahitaji majuma manne hadi sita kabla ya kujaa samaki. Lijazwe maji yaliyokaa ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke, pampu ya hewa iwashwe, na kila siku itiwe chembe ndogo ya ndagala wakavu waliosagwa. Ndagala huoza, amonia hutoka, na vijidudu hupata riziki bila samaki kuteswa. Mwenye rafiki mfugaji na aombe kipande cha sponji chafu kutoka tangi lenye afya; hakuna zawadi ipunguzayo siku kama hiyo. Mawe mabichi ya ziwani nayo hubeba vijidudu, lakini huweza kuleta maradhi.

Vipimo vya matone vikionyesha kwamba amonia na nitriti zimetoweka, waingie samaki wawili au watatu, na wengine wafuate baada ya juma moja. Sponji isioshwe bombani bali katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi vijidudu hukosa hewa vikafa, na kichujio kilichozimika kikiwashwa bila kusuuzwa hurudisha uchafu tangini. Wakati huo maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu, na samaki wasilishwe. Askari apangiwapo kazi mbali, mtu mmoja tu apewe jukumu la kulisha, maana samaki mzima huvumilia njaa siku kadhaa, lakini tangi changa halivumilii konzi za watoto watatu.