Mto Usiofika Baharini

Sisi tuliolelewa pwani tumezoea kuona kila mto ukiishia baharini. Sabaki hutoka bara umebeba udongo wa mashamba ya mbali, hufika karibu na Malindi ukaigeuza bahari rangi ya kahawia, na hapo safari yake hukoma. Bahari ni pana, hupokea yote. Kwa mazoea hayo, wapo jamaa zetu waliohamia Nakuru kwa kazi au kwa ndoa, wakaishi miaka mingi kando ya Mto Njoro wasitambue kwamba maji yale hayafiki baharini kamwe.

Njoro huanzia katika Msitu wa Mau Mashariki, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huteremka kupitia Nessuit, hupita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, kisha huingia Ziwa Nakuru, lililo kwenye kimo cha mita 1,760 hivi. Safari nzima ni takriban kilomita 60 tu. Hata hivyo, katika masafa hayo mafupi wako wanaochota maji ya kunywa, wafuao nguo, wanyweshao punda na ng'ombe, na wamwagiliao mboga. Na ayafanyayo wa juu humfikia wa chini siku iyo hiyo.

Zamani mto huu ulitiririka mwaka mzima. Ukataji wa miti ulikuwa umekwisha kuanza pale serikali ilipoondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki katika hifadhi ya misitu mwaka 2001. Mvua ikikosa majani na mizizi ya kuituliza, hushuka kwa kishindo pamoja na udongo. Na kiangazi kikiingia, sehemu za chini za mto hubaki mawe matupu.

Tena si maji yote yaonekanayo juu yanayofika ziwani. Bonde la Ufa ni nchi iliyopasuka, na sehemu ya maji huzama katika nyufa hizo, yakaenda chinichini. Mengine huibuka tena ukingoni mwa ziwa, kwenye chemchemi ambazo wenyeji waziita Baharini. Msomaji wetu wa Lamu na acheke: Baharini hiyo iko mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote.

Ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea. Njoro huingia, na Makalia, na Nderit, lakini hakuna mto utokao. Maji yaondokayo juani huondoka kwa mvuke, na mvuke hauchukui chumvi wala magadi, wala uchafu wa mji. Ndiyo maana maji yake ni ya magadi, na katika magadi hayo humea mwani ambao ndio chakula cha heroe, wale ndege wa waridi walioupa mji sifa duniani.

Tangu mwaka 2010 ziwa limekuwa likipanda. Kutoka eneo la kilomita za mraba 40 hivi, lilikaribia 70 ilipofika mwaka 2020. Magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ndege wana mabawa. Familia za mtaa wa Mwariki hazikuwa nayo: maji yaliingia sebuleni na yasitoke, kwa kuwa hayana pa kwenda. Sisi wa pwani twajua mafuriko ya Tana, ambayo huja, yakaharibu, kisha yakarudi. Haya yalikaa, vyoo vya shimo vikiwa ndani yake. Wataalamu waliochunguza kwa niaba ya serikali waliitaja mvua iliyozidi kuwa sababu kubwa, pamoja na udongo ushukao kutoka milimani.

Lipo jambo jingine, na hili twawaambia hasa akina mama. Miamba ya volkano ya bonde hili ina floraidi nyingi, na maji ya visima virefu huitoa humo. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya mtoto anayekua huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguka kwa mswaki wala kwa mkaa, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua sufuriani, floraidi ikabaki ileile. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe ambavyo huipunguza, na suala la mifupa hiyo twawaachia masheikh wetu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana floraidi ya kutajwa.

Basi mama anayetafuta nyumba ya kupanga Nakuru, kabla ya kuulizia kodi, na amuulize mwenye nyumba maji ya mfereji yatoka kisima gani, na kama yamewahi kupimwa. Akiwa na mtoto wa chini ya miaka minane, asihame kabla ya kupata jibu.