Ghalati na Ghiliba: Tuziite Hoja Mbovu kwa Majina Yake

Msimu wa mavuno uliopita tulialikwa na jamaa zetu wa Saboti, karibu na mji wa Kitale, nchi ambayo mahindi ndiyo ada ya shule na ndiyo chakula cha mwaka. Baada ya sala ya Isha tulikuta kikao kimekunja nyuso. Magunia sita yalikuwa yameibwa ghalani kwa jirani, na lawama ilikwisha kumfikia kijana mmoja aliyehamia hapo kutoka upande wa mlimani.

Ushahidi ulitolewa hivi. Mjomba wake aliwahi kuwa pamoja na wanamgambo wa Mlima Elgon, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kijiji kizima kinamtaja, na lisemwalo lipo. Tena alinunua simu mpya siku nne baada ya wizi. Nasi, tunaoketi mbele ya wanafunzi na kuwasomesha, tulijikuta tukiitikia kwa kichwa. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kusimama, rungu mkononi.

Ndipo bibi mwenye nyumba, ambaye wote humwita Kukhu, akauliza: "Wanangu, nani aliyemwona?"

Hakujibiwa, na wale vijana wakaketi.

Usiku ule tulijihesabu nafsi zetu. Kiswahili kina maneno ya kutosha kulitaja kosa letu. Sisi ndio tulioyaacha kabatini.

La kwanza ni dhana, yaani jambo linaloelekea kuwa kweli bila ya kuthibiti. Kinyume chake ni yakini. Surat Al-Hujurat inatuonya juu ya dhana katika aya ya 12, na katika aya ya 6 inatutaka tuzihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. "Lisemwalo lipo" ni methali nzuri ikimtuma mtu kwenda kuchunguza. Ikifanywa hukumu, huivika dhana kilemba cha yakini.

La pili ni ghalati, kosa la mtu asiyekusudia kupotosha. Aliyesema kwamba simu ilinunuliwa baada ya wizi, basi imetokana na wizi, alitumbukia humo. Jogoo huwika kisha jua likachomoza, wala jogoo hakulileta jua. Wanachuoni wa mantiki wana neno la asili hiyo hiyo, mughalata, kwa hoja yenye sura ya kweli na ndani yake ina kasoro.

La tatu ni ghiliba. Hapa msemaji anajua kwamba hoja yake ni mbovu, naye huitumia kwa kuwa inamfaa. Tofauti hii ina uzito. Mwenye ghalati huelekezwa kwa upole. Mwenye ghiliba hufichuliwa. Tukimwita mwongo mtu aliyekosea tu, tumemdhulumu, na hatasikia tena nasaha yetu.

La nne ni kusingizia. Kutokana na neno hili tumepata kisingizio, na maana zote mbili ni ndugu: katika kila moja mzigo umetwikwa asiyestahili kuubeba.

Saboti si mahali pa kuyafanyia mzaha mambo haya. Mlima Elgon unaonekana kutoka huko. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, lililoua na kuwatesa raia. Mwezi wa Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka huo huo jinsi wanaume walivyokusanywa kwa maelfu na mamia wakateswa. Huko kuwa mwanamume wa mlimani kulitosha kumtia mtu mashakani. Hiyo ndiyo "samaki mmoja akioza wote wameoza" inapotoka jikoni na kuingia katika hukumu. Qurani imetufundisha kwamba nafsi haibebi dhambi ya nafsi nyingine, na wazee wetu nao walisema kwamba vidole vya mkono mmoja havilingani.

Basi, ndugu wasomaji, tuwazoeze watoto wetu maneno haya wakingali wadogo. Mtoto akirudi nyumbani na kusema, "Kila mtu anasema ni yeye," tusimkaripie wala tusimwitikie. Tumwulize: Je, hiyo ni dhana au ni yakini? Nani aliyemwona? Nasi wazazi tukubali kuulizwa vivyo hivyo, hata tukiwa na kanzu na kofia.

Mpaka tunapanda basi la kurudi Mombasa, mwizi wa magunia hakuwa amejulikana. Lakini usiku ule kijana yule alilala kwao salama, na asubuhi tulimpita njiani akipeleka maziwa, akatuamkia.

Wabillahi tawfiq.