Je, Wajua? Laptopu Yako Kuukuu Bado Ina Maisha

Jirani wa Milimani, usimpe mnunuzi wa vyuma kuukuu hiyo laptopu! Ni kweli, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Lakini kilichostaafu ni mfumo endeshi, si mashine, na mfumo hubadilishwa: badala yake unaweza kuweka Linux.

Je, wajua huenda Linux unayo mfukoni sasa hivi? Kama simu yako ni ya Android, kiini chake ni Linux. Unatuma pesa juu yake, unatazama video juu yake, halafu unasema hujawahi kuigusa!

Je, wajua ilianzishwa na mwanafunzi wa miaka 21? Linus Torvalds wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aliitangaza 25 Agosti 1991, akisema anajifurahisha tu. Leo zihesabu kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani: tangu Novemba 2017 zote zinatumia Linux. Zote, si 499! Na ile helikopta ndogo Ingenuity, iliyopaa kule Mirihi 19 Aprili 2021? Linux pia.

Nembo yake ni ndege pengwini. Torvalds mwenyewe husimulia kuwa pengwini mmoja alimdonoa huko Canberra, Australia. Angezaliwa Nakuru, nembo ingekuwa heroe, na wala tusingebishana.

Sasa sogea karibu, utamu uko hapa. Je, wajua unaweza kuijaribu Linux bila kufuta chochote kwenye laptopu? Unapakua Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, bei yake shilingi 0, faili la karibu giga 3. Unaiandika kwenye fulashi kwa programu kama Rufus, unazima laptopu, unaiwasha ukibonyeza F12 (nyingine hutaka F9, F2 au Esc), unachagua fulashi. Kompyuta inawaka na sura mpya kabisa, yote ikiendeshwa kutoka kwenye hiyo fulashi! Angalia kama WiFi inashika, cheza wimbo, chapisha karatasi moja. Hujapenda? Zima, chomoa, washa tena: Windows yako iko palepale. Umependa? Nakili picha na hati zako kwingine kwanza, tafadhali, ndipo usakinishe.

Giga 2 za RAM zatosha kuanzia, ingawa kwa giga 4 utafurahi zaidi. LibreOffice ya barua na hesabu imo ndani, Firefox imo, hulipi hata ndururu. Ila kama riziki yako iko kwenye programu inayokubali Windows pekee, ulizia mapema.

Unaogopa kupotea kwenye sura ngeni? Kuna Zorin OS, Linux nyingine yenye sura iliyozoeleka. Wajua iliasisiwa na ndugu wawili wa Dublin, Artyom na Kyrill Zorin, wakiwa bado vijana wadogo? Na toleo lao la 18 walilitoa lini? 14 Oktoba 2025, siku ileile Windows 10 ilipostaafu. Sadfa? Thubutu!

Mwafrika naye yumo. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alisafiri hadi anga za juu Aprili 2002, akarudi, na 2004 akatuletea Ubuntu, Linux nyingine tena. Hadi 2011 uliweza kuiagiza na CD ikaletwa kwa posta, bure, mpaka kwenye sanduku lako!

Kiswahili nacho hakikuachwa: mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Mimi anayeanza humpa Mint, bila kufikiri mara mbili. Wajua karibu kila toleo lake huitwa jina la mwanamke linaloishia na a? Walianza na Ada mwaka 2006, wakafuata alfabeti hadi Zara, Septemba 2025. Herufi zikirudi mwanzo, Moraa na Nafula, jiandaeni!