Je, Wajua? Kinundu Kwenye Msuli
Fundi cherehani anayeinama kutwa nzima huishia kujikanda kati ya shingo na bega, pale kidole kinapogusa kinundu kigumu chenye kuuma. Msuli haujajifunga fundo: ni nyuzi chache zilizokaza na kugoma kulegea. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mkazo huo hubana mishipa midogo ya damu, oksijeni ikapungua, maumivu yakazidi. Ajabu ni kwamba kinundu cha begani kinaweza kuumiza kichwa!

Janet Travell, daktari wa Marekani, alivichunguza vinundu hivi miaka mingi. Alimtibu John F. Kennedy mgongo kwa kumdunga sindano za ganzi. Kennedy alipoingia Ikulu kama rais mwaka 1961, alimteua kuwa daktari wake, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.