Mwingiliano wa Redio: Kosa la Mnara au la Kipokezi?

Je, wajua kwamba mawimbi mawili ya redio yakikutana angani hupishana, kila moja likaendelea na safari yake bila kudhurika? Tunaposema mitandao imeingiliana, vurugu yenyewe hutokea ndani ya kipokezi kilichoshindwa kutenga mawimbi yake na ya wengine. Ndiyo maana kugawa masafa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ubora wa vipokezi. Mzozo wa 5G na ndege uliofikia kilele Marekani Januari 2022 unalithibitisha hilo.

Altimita ya redio, kifaa cha ndege kilichohofiwa kuvurugwa na 5G, hurusha mawimbi kuelekea ardhini, kisha hupima yanavyorudi ili ijue ndege iko juu kiasi gani. Rubani anayetua kwenye ukungu huitegemea sana. Kazi hiyo imetengewa masafa ya megahezi 4,200 hadi 4,400. Mwaka 2021 kampuni za simu zilinunua masafa ya megahezi 3,700 hadi 3,980 kwa ajili ya 5G katika mnada uliofikia takriban dola bilioni 81, likabaki pengo la megahezi 220. Kwa hati, hakuna aliyevuka mpaka. Lakini altimita nyingi zilibuniwa wakati jirani yao alikuwa setilaiti, ambayo mawimbi yake hufika ardhini yakiwa hafifu mno, kwa hiyo vichujio vikali havikuonekana kuwa na ulazima. Mnara wa simu ni jirani wa aina nyingine: hata ukibaki ndani ya masafa yake, nguvu zake zaweza kukilemea kipokezi kisichochuja.

Wapo wanaosema altimita zilitangulia, basi mgeni ndiye apishe. Ila kutangulia humpa mtu haki ya masafa yake, si ya kuhodhi ya jirani. Wengine hutaja Japani, ambako 5G imepanda hadi megahezi 4,100 na ndege zinatua salama. Ni kweli, lakini nguvu za minara na mwelekeo wa antena hutofautiana nchi na nchi. Mfano huo unaonyesha tu kwamba upana wa pengo peke yake hauamui usalama. Hoja nzito zaidi ni gharama, maana kifaa cha ndege hakibadilishwi bila kuthibitishwa upya. Hata hivyo, kuacha masafa ya thamani yakae bure kwa ajili ya vipokezi dhaifu nako ni gharama, tena hulipwa na umma.

Suluhu iligusa pande zote mbili: kampuni za simu zilipunguza nguvu za minara karibu na viwanja vya ndege, na mashirika ya ndege yakafunga vichujio. Aprili 2023 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitamka kwamba vipokezi navyo vina wajibu wa kustahimili majirani. Tamko hilo lingetangulia mnada, mzozo mwingi ungeepukwa.