Miraa, Panya na Ukali Usio wa Jani Peke Yake

Magari ya miraa huteremka kutoka Maua, Meru, kwa mwendo unaowatia hofu hata wanaoishi kando ya barabara. Haraka hiyo ina sababu ya kikemia. Jani bichi lina kathinoni, iliyotambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Siku mbili hivi baada ya kuchumwa, sehemu yake kubwa huwa imegeuka kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba, unyevu usipotee.

Kathinoni inakaribiana sana na amfetamini. Huzifanya seli za ubongo zimwage dopamini. Mlaji huchangamka, maneno humtoka mfululizo, usingizi humpaa. Stimu ikishuka, wanaoishi naye huijua ile hasira ya karibu.

Je, hasira hiyo ni ya jani? Maabara huliuliza swali hili kwa panya. Dume huachwa kizimbani mpaka apaone kwake, kisha huingiziwa dume mgeni. Mtafiti huhesabu mang'ato, na muda uliopita kabla ya shambulio la kwanza. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya panya walionyweshwa viini vya miraa mara kwa mara: walizidi kuwa wakali.

Ila panya wale walikuwa wamefugwa mmoja mmoja, na upweke peke yake humfanya panya dume awe mkali. Miraa iliukuta uchokozi umeshaanza, ikauzidisha. Kwangu hiki ndicho kiini cha utafiti ule, na ndicho kinachoachwa nje tunapobishana kuhusu miraa.

Hata mmea unaotuliza hauna jibu jepesi. Kutokana na mzizi wa sarpagandha wa India, wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walipata reserpini mwaka 1952. Kima wakali waliopewa dawa hiyo walikubali kushikwa. Lakini reserpini humaliza akiba ya dopamini na serotonini katika seli za neva. Sungura walilala hoi, hadi Arvid Carlsson wa Sweden alipowadunga L-dopa wakasimama tena. Kazi yake kuhusu dopamini ilimpa Nobeli mwaka 2000. Kwa hiyo mnyama aliyenyamaza si lazima awe ametulia. Huenda ameishiwa nguvu tu.

Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, mabishano yalikuwa juu ya jani. Natamani tungeuliza pia kijana anayelitafuna analala saa ngapi, anakula nini, na anakaa na nani.