Je, Wajua? Bomba Lisilofunguliwa Ndilo la Kutiliwa Shaka

Je, wajua kwamba bomba la hatari zaidi ofisini huenda ni lile ambalo hakuna anayelifungua? Bakteria aitwaye lejionela hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto la nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi. Kwa kawaida humwingia mtu anapovuta pumzi yenye matone madogo mno yanayorushwa na shawa au minara ya kupozea, kisha huleta nimonia kali. Alitambuliwa baada ya maveterani waliokutana hotelini Philadelphia, Marekani, kuugua mwaka 1976.

Nchini Uingereza, mwajiri anawajibika kisheria kuidhibiti hatari hiyo. Mkaguzi makini haridhiki na jalada lenye saini, hubeba kipimajoto. Maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi, na yanapaswa kufikia 50 ndani ya dakika moja bomba likifunguliwa. Ya baridi yabaki chini ya 20. Mabomba yasiyotumika sana hufunguliwa kila wiki, maji yatiririke. Kisha mkaguzi huuliza swali zito kuliko yote: nani hasa anayesimamia?

Mwaka 2002, mjini Barrow-in-Furness, mtambo wa kupozea hewa katika jengo la sanaa la halmashauri haukutunzwa ipasavyo. Mvuke wake wenye lejionela ulimwagika juu ya kichochoro cha wapita njia. Watu 7 walikufa, na halmashauri ikatozwa faini ya pauni 125,000.